Aemond hakukusudia kumuua Lucerys: hadithi imenoga ama mchuzi umetiwa maji?

MwanaKibokoni

Asalam aleikum jamaa. Hii nshaibeba kifuani tangu Jumamosi na kila nikimwambia mtu nyumbani anambia nikalale, kwa hivo naileta hapa kwa watu wenye maradhi kama yangu. Ambaye hajaona House of the Dragon, ile drama ya tivii ya majoka, apite mbali, manake ntataja kila kitu, walokufa na walobaki.

Tulikuwa tunarudia msimu wa kwanza mimi na binamu zangu wawili, tuko darini na laptopu ya zamani spika yake moja ishakufa, sebuleni haiwezekani, mnajua ile drama ilivyo, umekaa na heshima zako mara watu wako uchi na mama naye ndo anaingia na sinia ya mahamri. Binamu mdogo hajawahi kuiona hata kidogo. Tukafika episodi ya 10, ya mwisho. Lucerys katumwa na mamake Rhaenyra aende Storm's End kwa Borros Baratheon kumkumbusha kiapo cha babake Borros, kwamba Rhaenyra ndo mrithi wa kiti cha enzi, kufika anamkuta Aemond katangulia, mjomba wake, na jicho la Aemond ni yeye Lucerys alolichana kwa kisu walipokuwa watoto. Aemond anavua kile kitambaa, tunduni mle kaweka johari ya buluu inang'aa, anataka alipwe jicho kwa jicho. Borros anakataa, damu haimwagiki chini ya paa lake. Mtoto anatoka, mvua inapiga kama ya mwezi wa tano hapa kwetu, anapanda Arrax, kajoka kenyewe kadogo, na huko mawinguni inatokea Vhagar, joka la Aemond, lilopigana tangu enzi za Aegon Mshindi, inapita juu yake kama meli ya makontena imepita na mtumbwi. Binamu yangu kiazi karai kiko mkononi kimepoa, hali, haongei.

Alafu ndo hapo. Arrax anatema moto bila kuambiwa, unampata Vhagar usoni, Vhagar anapandwa na hasira, na Aemond badala ya kufurahi anaanza kupiga kelele la, la, Vhagar, la! Joka lenyewe halisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Linamtafuna mtoto pamoja na kajoka kake, vipande vinaanguka na mvua.

Kitabuni si hivo. Fire & Blood cha George R. R. Martin, kilotoka 2018, mle Aemond anachokozwa na binti mmoja wa Borros, anatukanwa uanaume wake mbele za watu, anatoka anamfata kijana kwenda kumuua na anamuua. Basi. Kwenye tivii amekuwa mtu alozidiwa na mnyama wake.

Na si yeye tu, hii ndo inonikera. Hesabuni nami. Alicent, malkia mamake Aemond, anamtia mwanawe mkubwa kwenye kiti cha enzi kwa sababu mumewe, mfalme Viserys, akiwa mahututi alitaja jina Aegon, naye akadhani ni Aegon mwanawe kumbe mzee anaweweseka na ndoto ya yule Aegon babu yao. Msimu wa pili wale wauaji wawili, Blood na Cheese, walitumwa kumuua Aemond, hawakumpata, wakachinja kitoto cha Aegon. Kila msiba mkubwa ni samahani sikukusudia. Vita vizima vya majoka vimeanza kama watu wawili walogongana mabega Marikiti! Sasa mimi nimchukie nani? Nlitaka Aemond awe nduli nimchukie kwa raha zangu, ama nimpende na uovu wake, wao wamempa udhuru. Yakhe niambieni, hii ni kuandika vizuri ama ni waandishi wameogopa?

BintiTudor

Waaleikum salam. Nakupinga, na ntakupinga kwa kisa.

Mtaani kwetu nikiwa darasa la sita kulikuwa na kijana ana mbwa. Mbwa mkubwa rangi ya udongo, na huyo kijana raha yake ilikuwa kukaa pale kona saa za sisi kutoka chuoni, anamwachia kamba kidogo, mbwa anaruka, watoto wanalia juzuu zinaanguka mchangani, kisha anaivuta kamba anacheka. Kila siku. Wazee wakamwambia, hakusikia. Siku moja kamba ikakatika. Nlikuwepo. Aloumwa alikuwa mtoto wa jirani yetu, kanzu yake nyeupe ndo nnayoikumbuka mpaka leo, na namkumbuka yule kijana anavyomrukia mbwa wake mwenyewe anampiga mangumi kichwani amwachie mtoto huku yeye naye analia. Baadaye akaapa kwa Mungu hakukusudia. Na kweli hakukusudia, sote tuliona. Je, kuna mtu alomwambia basi si makosa yako? Babake aliwahamisha mwezi huohuo.

Huyo ndo Aemond. Wewe unaita bahati mbaya kwa sababu unaanzia pale Arrax alipotema moto. Anzia nyuma. Nani alomfata mtoto mvuani na joka kubwa kuliko yote? Nani alokuwa anacheka kule mawinguni? Anacheka walai, rudi usikize, sauti ya mtu anocheza. Alitaka kumtisha, alitaka yule mtoto ajue uoga aloujua yeye usiku alopoteza jicho. Kukusudia kutisha na silaha usoiweza, hilo si kusudi?

Na kitabuni ni rahisi mno. Mtu mbaya kafanya ubaya, haya, tulale.

abiria_wa_feri

Mie niulize langu dogo tu kabla hamjaanza kupigana. Mnaolaumu Aemond, mbona hamumtaji Rhaenys, yule binamuye Viserys?

Episodi zikitoka, Marekani ni Jumapili usiku, huku kwetu Jumatatu saa kumi alfajiri. Mimi niko ndani ya chandarua na simu, earphone sikio moja, sikio la pili nasikiza kama mama watoto kaamka. Episodi ya 9. Aegon anavishwa taji mbele ya umma, ghafla sakafu inapasuka, Rhaenys katoka chini na joka lake Meleys, raia masikini ambao hata hawakuomba kuletwa pale wanapondwa kama dagaa, joka limesimama uso kwa uso na Aegon, mamake, babu yake, ukoo mzima umejipanga mstari mmoja kama mishikaki. Nkasema Alhamdulillah, vita vimekwisha kabla havijaanza, ntalala dakika ishirini kabla ya adhana. Sema neno moja tu mamangu. Neno MOJA. Joka likanguruma, akageuza, akaenda zake!

Eti vita hivyo si vyake kuvianza. Na wale alowaponda kwa sakafu je? Hao hawahesabiki kwa sababu hawana nywele nyeupe.

Nlifika Likoni hasira zimenijaa mpaka nkapishana na feri.

BintiTudor

@abiria_wa_feri hapo siwezi kumtetea mtu. Hiyo walitaka picha nzuri ya joka likitoka chini, wakafikiria sababu baadaye.

mama_wawili

Sikizeni wanangu, mimi naegemea kwa MwanaKibokoni lakini si kwa sababu yake.

Aemond sina neno naye. Langu ni Helaena, mkewe Aegon. Msimu wa pili, episodi ya kwanza, ile ya Blood na Cheese. Nliiona nikiwa na mwanangu mdogo kifuani ananyonya, miezi minne. Wale watu wanaingia chumbani kwa Helaena, watoto pacha wamelala, hawajui yupi wa kiume, wanamuuliza mama na mama ananyoosha kidole. Hawakuonyesha kisu, walituwekea sauti tu, na ile sauti wallahi afadhali wangeonyesha. Kisha anambeba binti anatoka polepole kama mtu anotembea usingizini. Imefanywa vizuri, sikatai.

Lakini niliposoma kitabu sikulala. Kitabuni Helaena ana watoto wa kiume wawili, Jaehaerys na mdogo wake Maelor, na wale mahayawani wanamwambia chagua. Anawaomba wamuue yeye, wanakataa. Mwishowe anataja mdogo, huenda kwa kuwa ni mdogo hataelewa. Wao wakamgeukia yule mdogo wakamwambia umesikia, mamako anataka ufe, kisha wakamuua mkubwa. Na tangu siku hiyo Helaena hakuweza tena kumtazama Maelor usoni. Mnaona? Mtoto yuko hai, anakuja kutaka kubebwa, na mama hawezi. Hiyo ndo hadithi. Kwenye tivii Maelor hayupo kabisa, wamemfuta. Hata Martin mwenyewe alilalamika kuhusu huyo mtoto, Septemba 2024, akaandika kwenye ukurasa wake kisha maandishi yakaondolewa.

Kwa hivo mwanangu usilie kuhusu kusudi la muuaji. Muuaji akikusudia ama asikusudie mtoto kafa. Kilichopotea ni uchaguzi wa yule mama. Kunyoosha kidole kusema huyu ndo wa kiume si kuchagua, ni kujibu swali.

MwanaKibokoni

Dada hapo umenipiga kofi la usingizi. Lakini si ndo hilohilo nalosema? Uchaguzi umeondolewa.

Na nimwongezee BintiTudor. Kisa cha mbwa kimeniuma na nakubali Aemond ana makosa. Ila makosa na ubaya ni vitu viwili. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa na uteo wa mchele mapajani anachagua mawe anatuhadithia Fumo Liyongo, mnaijua, hakuna mtoto wa pwani asoijua. Liyongo hadhuriki na mkuki wala mshale, ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Na nani alompelekea adui siri? Mwanawe mwenyewe. Mfalme wa Pate kamwahidi makubwa, kijana akaenda kwa babake akamuuliza baba ni kitu gani kinachokudhuru, na babake anajua! Anajua kwa nini anaulizwa, akamwambia vilevile. Kijana akasubiri alale, akaitia. Kwa mkono wake. Bibi akifika hapo mikono inasimama kwenye mchele, anatutazama mmoja mmoja, hasemi kitu. Sasa nambieni kama yule kijana angejikwaa na sindano akamwangukia babake kwa bahati mbaya, nani angekumbuka hio hadithi mpaka leo?

abiria_wa_feri

Hahaha kajikwaa na sindano. Nimecheka peke yangu kwa tuktuk dereva kanitazama.

Ila sikizeni hii ya bahati mbaya. Mnakumbuka episodi ya 8, Viserys mgonjwa anatembea kuelekea kwenye kiti, uso umeliwa nusu, kila hatua unahisi magoti yako ndo yanauma? Taji linamdondoka kichwani, na Daemon nduguye, yule alomsumbua maisha mazima, anaokota na kumvisha tena. Mimi nililia pale, na mimi si mtu wa kulia. Basi ile taji kuanguka haikuwa imeandikwa, iliwaangukia kweli wakipiga picha, wakaiacha. Kile kitendo kizuri kuliko vyote msimu mzima ni ajali tupu!

MwanaKibokoni

Taji kuanguka ndo ajali. Kuliokota hakukuwa ajali.

BintiTudor

Asante. Umejijibu mwenyewe, mie niende nikapike.

Ama ngoja nimalize kwanza. Joka likakaidi, hio ndo taji imeanguka. Sasa tazama Aemond anaokota nini. Msimu wa pili episodi ya 2 yuko kwa yule mwanamke wa danguro, kajikunja kama mtoto, anasema anajuta yale ya Luke, yaani Lucerys, alipandwa na hasira. Anamwambia nani? Kahaba. Si mamake, si nduguye. Nje huko watu wamemwita muua ndugu na yeye kalivaa lile jina kama koti. Kisha episodi ya 4, vita vya Rook's Rest. Aegon nduguye yuko juu ya joka lake Sunfyre wanakabana na Rhaenys, wako mbele yake wote, Aegon anamwona Aemond anakuja anadhani kaja kumwokoa. Uso wake unafurahi! Na Aemond anafungua mdomo anasema dracarys, ile amri ya joka kutema moto. Hakuna mvua, hakuna joka kukaidi. Vhagar hapo inamsikiza vizuri sana.

Kwa hivo kusudi unalolitaka lipo, wamelihamisha tu mbele. Mara ya kwanza yalimponyoka, na kwa kuwa hakuweza kusema yalimponyoka, mara ya pili akakusudia. Mimi hio naiona imeandikwa na mtu anojua watu.

supuyapweza

Nyie si mngeandika SUPOILA kwa herufi kubwa, mimi niko episodi ya 6 sasa nishajua wote wanokufa

abiria_wa_feri

@supuyapweza mstari wa kwanza umeambiwa upite mbali, ukavua viatu ukaingia.

Maalim_Mstaafu

Salaam vijana. Mimi nimefundisha historia miaka mingi na mjukuu wangu ndiye aliyenitia kwenye balaa hili la majoka, nimeona misimu miwili ya kwanza na kitabu nimekisoma mwenyewe kwa miwani.

Nyote mnasema "kitabuni Aemond alikusudia". Nani kawaambia? Kile kitabu si riwaya ya kawaida, kimeandikwa kana kwamba ni tarehe ya nchi, na anayeandika ni mwanachuoni anayeitwa Gyldayn ambaye hakuwako. Yeye anakusanya ya watu: kuna Eustace mtu wa dini anayependelea upande wa kijani, yaani wa Alicent na wanawe, kuna Mushroom mchekeshaji wa ikulu anayedai alikuwako kila mahali na kila kitu kwake ni uchafu. Mara kwa mara Gyldayn mwenyewe anakuambia huyu kasema hivi na yule hivi. Sasa kule mawinguni, usiku, mvuani, palikuwa na nani? Aemond, na mtoto aliyekufa. Basi habari ya kwamba alikusudia imetoka wapi kama si kwa Aemond mwenyewe au kwa watu wa barazani waliojaza nafasi?

Tuna mfano hapahapa, mwendo wa dakika tano kutoka Kibokoni kwa kijana wetu. Yusuf bin Hassan. Babake, Sultani, aliuawa kwa mkono wa Wareno kuwa nyuma yake. Mtoto akachukuliwa akapelekwa Goa, akabatizwa, akalelewa na mapadri, akapewa jina Dom Jerónimo, akarudishwa Mombasa awe mfalme wao. Agosti 1631 akaingia Ngomeni na watu wake akamuua kapiteni. Mwaka uliofuata akaiacha Ngome akaenda zake baharini. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi pale, tunasimama uani, nawauliza: alikusudia tangu Goa, miaka yote akitabasamu kanisani? Au siku moja tu jambo lilimfika shingoni? Darasa lilikuwa likigawanyika katikati kila mwaka. Na habari nyingi za jambo lile ziliandikwa na Wareno, ambao kwao yeye ni msaliti tu. Angeandika mwenyewe tungesoma nini?

Kwa hivyo hao watu wa tivii hawakubadilisha kitabu. Wamepanda mawinguni ambako mwandishi wa tarehe hakufika.

MwanaKibokoni

Maalim shikamoo. Hii ya Mushroom nlikuwa nshaisoma lakini sikuifikiria hivi hata siku moja. Nyumba yetu inatazama Ngome.

Lakini nikubishie kidogo kwa adabu. Wanafunzi wako waligawanyika kwa sababu hawakuonyeshwa. Ungewaonyesha filamu ya Yusuf anateleza uani kisu kinaingia kwa kapiteni kwa bahati mbaya, mjadala ungekufa palepale. Mie ningependa tivii ituachie. Mtuonyeshe Arrax anatema moto, mtuonyeshe uso wa Aemond, bas, msituwekee ile la la la. Tubakie tukigombana miaka.

Maalim_Mstaafu

Marahaba. Hapo umenena, sina la kukujibu kwa leo.

mama_wawili

Nyinyi mnaozungumza kusudi, mbona mwaikwepa ile kubwa? Msimu wa pili, episodi ya mwisho kabisa, ya 8. Alicent anapanda mashua usiku anakwenda Dragonstone kwa Rhaenyra, anamwambia ntakufungulia mji. Rhaenyra anamwambia, na Aegon je? Kichwa chake nakitaka. Mwana kwa mwana. Na Alicent anakubali! Hakuna bahati mbaya hapo MwanaKibokoni, hakuna kusikia vibaya, anafikiri, anapepesa macho, anakubali. Hilo ndo kusudi lako ulolililia. Umeridhika?

Mimi sikuridhika. Aegon wakati huo kalala ameungua mwili mzima, hawezi hata kukojoa vizuri. Mama gani? Mwana ni mwana hata akiwa mlevi. Mimi nina wawili, mmoja kashanivunjia tivii, simwuzi. Na kitabuni Alicent hafanyi hivo, anashikilia upande wa wanawe mpaka basi.

BintiTudor

Mama watoto mimi hio nilimwelewa. Msimu mzima Alicent hakuna anomsikiza, Aemond kamtoa kwenye baraza kama mfanyakazi alomaliza mkataba, kaenda kuelea kwenye ziwa akitazama mbingu, huyo ni mtu ashakufa ndani. Na hakumtoa Aegon ili ajiokoe yeye tu, ana Helaena na mjukuu anotaka kuwatoa.

Tena kumbukeni tivii imewafanya Alicent na Rhaenyra marafiki tangu usichana, umri mmoja. Kitabuni Alicent ni mkubwa kwake kwa miaka, hawakuwa mashoga wa usichana. Ukishawafanya mashoga lazima mwisho warudi kuongea. Shoga yangu wa madrasa tuligombana mwaka wa 2011 kwa sababu ya kitu cha kijinga, gauni, mpaka leo nikipita kwao natazama dirisha.

mama_wawili

Shoga ni shoga. Mwana ni mwana. Hapa hatutaelewana mwanangu, na wala hukuzaa bado, rudi hapa miaka mitano.

Na ingekuwa hata wametuandalia. Episodi 8 badala ya 10, majeshi yote yametembea msimu mzima wanakwenda vitani, episodi ya mwisho inaisha bado wanatembea. Daemon naye kule Harrenhal anaota, anaamka, anaota. Wangepunguza ndoto mbili tu za yule bwana wangepata nafasi ya kutuonyesha Alicent anavyofika hapo. Mtu halali mama akaamka muuza mtoto.

abiria_wa_feri

Zile ndoto! Mama watoto alikuta natazama Daemon kasimama gizani anatoa macho, akaniuliza huyu ana mashetani? Nkamwambia ndio. Akasema basi wampeleke kwa mganga, kila siku yuko hapohapo.

MwanaKibokoni

Nimerudi. Jana stima ilipotea kuanzia magharibi, laptopu ilikuwa na chaji ya kama saa moja, tukaamua kuitumia kwa ile episodi ya 10 tena, dakika za mwisho tu, kwa ajili ya huu mjadala. Giza darini, joto, spika moja. BintiTudor nakubali, anacheka. Nilikuwa sijaisikia ile sauti kwa sababu ya mvua.

Lakini si mimi nloona la maana, ni yule binamu mdogo ambaye ndo kwanza mara yake ya pili. Akasema rudisha. Nkarudisha. Rudisha tena. Akasema sikiza wanachosema kwa majoka yao. Lucerys, Arrax anapokaidi na kutema moto, anampigia kelele kwa ile lugha yao, dohaerās, nitumikie. Kisha Vhagar anapokaidi, Aemond naye: dohaerās. Neno ni lilelile. Mvua ileile, wote wawili wanavuta hatamu, wote wawili sauti zimewakatika, na nikwambie kwa spika moja iliyokufa huwezi kujua yupi ni yupi. Watoto wawili wanaomba.

Alafu laptopu ikazima palepale, kabla ya ule uso wa Aemond mwishoni. Kwa hivo sijui mnasemaje, mimi bado nataka ile "la la la" iondolewe. Ila ile dohaerās waiache.

BintiTudor

Ukiiacha dohaerās ushaiacha la la la yakhe, ni kitu kimoja kwa lugha mbili.

MwanaKibokoni

Si kimoja. Moja ni amri na moja ni majuto.

BintiTudor

Stima ikirudi itazame tena uniambie yeye Aemond alijua tofauti yake.

abiria_wa_feri

Na mkimaliza hapo mrudi kwa Rhaenys. Neno MOJA.